Kisa cha Liyongo kimenikwama kooni: mbona kinanijua hivi?

"Mwalimu, salaam. Mimi ni karani wa bohari hapa Mombasa, umri miaka 38, nina mke na watoto wawili. Majuzi nilikuwa namsimulia binti yangu wa miaka tisa kisa cha Fumo Liyongo, kile tulichosoma shuleni. Nilipofika pale mwanawe anapomnyemelea na sindano, sauti ilinikwama. Nikamwambia mtoto nimechoka, tutamaliza kesho. Mpaka leo sijamaliza. Miaka sita nyuma ami zangu walitaka shamba la minazi la baba, kule Kilifi, liuzwe. Baba alikuwa hataki. Wakanituma mimi kwa kuwa ananiamini, na wakaniahidi mtaji wa duka. Nilikaa naye barazani kutwa nzima mpaka akatia dole gumba. Mtaji nilipewa nusu, na duka lenyewe halikumaliza mwaka. Baba yu hai, na hajapata kuniuliza. Mimi pia nilikuwa siliwazi sana, nilijiambia ni mambo ya ukoo. Sasa silali vizuri. Kaka yangu mkubwa, mtu wa dini, anasema hadithi ni uongo, niache upuuzi nisome vitabu vya maana. Mwenzangu kazini anasema kinyume, ati sayansi imethibitisha kuwa msomaji wa riwaya huwa mtu bora. Nauliza: kisa cha mtu ambaye pengine hakuwahi kuishi kimenijuaje hivi? Nisome zaidi au niache? Na huyu mtoto nimmalizie?"

Ndugu yangu, salaam, na pole kwa kukosa usingizi. Umeuliza maswali matatu. Lipo na la nne ambalo hukuliandika lakini limejaa barua nzima: je, mimi ndiye yule mwana? Nitajaribu kuyajibu yote, ila si kwa mpango ulioyauliza, maana hilo usiloliandika ndilo linaloyabeba mengine.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni mtu wa fasihi. Nimefundisha simulizi za pwani hii kwa muda mrefu, nimekaa na watu wanaozisikiliza, wakubwa kwa wadogo, na hilo lililokupata nimeliona likiwapata wengine. Mtu mzima anacheka na wenzake, kisa kinafika mahali fulani, mara ananyamaza au anainuka kwenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Si udhaifu huo wala hujarogwa. Lakini mimi si daktari, na huko mwisho nitakwambia kazi yangu inakoma wapi.

Kwa wasomaji waliokisahau kisa chenyewe: Liyongo ni shujaa na mtunzi wa mashairi wa upande wa Pate na mdomo wa mto Tana. Aliishi lini, wanahistoria hawajakubaliana. Kaburi linalosemwa kuwa ni lake huonyeshwa Kipini. Mmisionari Edward Steere alikichapa kisa chake kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakiandika kwa utenzi mwaka 1913, ila watu walikuwa wakikisimulia tangu zamani. Mfalme wa Pate anamwogopa, anamtia gerezani. Mama yake anapeleka vyakula, na pamoja navyo mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanajichukulia vizuri vyote, mfungwa wanamtupia ule wa wishwa. Usiku huo anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na katikati ya kelele za ngoma na matoazi anakata minyororo yake. Hakuna anayemweza, mpaka adui zake wanapomkumbuka mwanawe.

Sasa tumtazame huyo mwana kwa karibu, maana hapo ndipo koo lako lilipokwama. Anaitwa aende mjini Pate. Anakirimiwa, anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Anarudi kwa baba yake na kumwuliza kama mtoto anayemhofia mzazi: baba, watu wanaitaka roho yako, ni kitu gani hasa kinachoweza kukudhuru? Anaambiwa: sindano ya shaba, kitovuni. Yako masimulizi ambamo baba anashtukia kuwa mtoto katumwa, na bado anamjibu. Mwana hatendi siku hiyo. Anachelewa, anaogopa. Waliomtuma wanamwandikia wamhimize. Hatimaye inakuja siku baba amelala chali, na sindano inaingia.

Angalia kwamba katika hayo yote msimulizi hodari hakwambii mahali popote kuwa huyu kijana ni mwovu. Anakuonyesha karamu, ahadi, swali lililovikwa mapenzi, siku za kusitasita, barua ya kuhimiza. Kila moja ukiitazama peke yake inavumilika. Hakuna asubuhi ambayo mwana aliamka akasema, leo mimi ni msaliti. Nawe umeniandikia yako kwa hatua zile zile, pengine bila kukusudia: ananiamini, wakaniahidi, nilikaa naye barazani kutwa nzima. Hukukaza sauti wala hukumtisha mzee. Ulikaa naye tu. Nadhani hilo neno "kutwa nzima" ndilo linalokunyima usingizi kuliko lile dole gumba.

Ndiyo maana shuleni hukuhisi kitu. Uliulizwa mtunzi anatufunza nini, ukajibu usaliti haufai, ukapewa alama zako. Hukukosea, lakini hilo ulikuwa ukilijua kabla ya kuanza kusoma. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuingia darasani akidhani usaliti unafaa. (Nina ugomvi wa siku nyingi na ile miongozo ya mitihani inayokamua kila kisa mpaka yatoke "mafunzo" matano. Mtoto anatoka na mafunzo yake mkononi na kisa kimebaki mezani hakijaguswa.) Kisa cha Liyongo hakikufundishi kuwa usaliti ni mbaya. Kinakuonyesha unavyotendeka, mkononi mwa mtu anayejiona bado ni mwana mwema.

Na kuna jambo jingine lililobadilika. Ulipokuwa darasani ulikuwa mtoto wa mtu, si baba wa mtu. Majuzi ulikuwa unamsimulia binti yako mwenyewe, kwa mdomo wako. Msomaji wa kimya anaweza kuruka mstari unaomchoma. Msimulizi haruki: lazima aazime sauti ya baba, kisha ya mwana, na aseme "baba, nakuhofia" kama anavyosema mtoto mwema, huku mtoto mwema anamtazama. Ulikuwa pande zote mbili za sindano kwa wakati mmoja. Mimi ningeshangaa zaidi kama sauti isingekwama.

Sasa lile swali lako kubwa, kisa kimekujuaje. Kisa hakikujui, wewe ndiye uliyejijua kupitia kwake, na njia yenyewe inaelezeka.

Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi sana yenye pembetatu mbili, moja kubwa na moja ndogo, na duara moja, zikizungukazunguka penye mstatili wenye mlango. Hakuna sura wala sauti. Waliombwa waandike walichokiona. Katika kundi la watu 34, mmoja tu ndiye aliyeeleza habari za maumbo. Waliobaki waliona viumbe hai: kubwa jeuri, dogo jasiri, duara lenye hofu linalojificha ndani. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Haiwezi kuutazama mwendo bila kuutafutia nia. Ukimwona jirani anafunga mlango kwa kishindo, kabla hujakaa sawa umeshatunga kisa cha nyumba nzima.

Kazi hiyo ya kutafuta nia tunaifanya vizuri kwa watu wengine, tena bila kuombwa. Kwa nafsi zetu tunaifanya ovyo, kwa sababu kila mmoja wetu ana wakili aliyemweka ndani. Ukijiuliza kwa nini ulimshawishi mzee, anayejibu ni yeye, na hoja zake amezipanga tangu zamani: ni mambo ya ukoo, mzee hakuwa na nguvu za kulitunza shamba, ami wangeliuza tu hata bila mimi. Huenda baadhi ya hoja hizo ni za kweli. Lakini ukimtazama mwana wa Liyongo, wakili wako hana habari, maana kesi si yako. Unamwona yule kijana wazi, unajua anachofanya hata kama yeye mwenyewe hajui, umeshatoa hukumu, halafu ndipo unapotambua uso wake. Wakili anapokurupuka amechelewa.

Hapa naomba nizungumze kidogo na kaka yako, kwa heshima zote. Hofu yake naielewa. Yapo masimulizi ya kupoteza muda na yapo ya kuharibu, na mtu wa dini anayehimiza vitabu vya maana hasemi upuuzi. Lakini kusema hadithi ni uongo kwa kuwa zimetungwa ni kuchanganya mambo mawili. Mwongo anataka uamini kilichotokea ambacho hakikutokea. Msimulizi anakaa nawe mkiwa nyote mnajua, na anakuomba utazame jinsi mambo yanavyotokeaga. Aristotle alilisema hilo zamani: mwanahistoria anaeleza yaliyotukia, mtunzi anaeleza yanayoweza kutukia.

Na kama maneno ya Aristotle hayamtoshi, basi amfungulie Msahafu. Surat Yusuf inajitaja kuwa ni simulizi nzuri kuliko zote, nayo ni habari ya ndugu waliomtupa ndugu yao kisimani na kumrudia baba yao na kanzu yenye damu ya uongo. Katika Surat Sad wagombani wawili wanapanda ukuta na kumwingilia Nabii Daud katika mihrabu. Mmoja anasema: huyu ndugu yangu ana kondoo majike 99, mimi ninaye mmoja, na huyo mmoja anamtaka. Daud anatoa hukumu. Kisha anatambua kuwa amejaribiwa, anaanguka kusujudu na kuomba msamaha. Wakristo nao wana habari inayokaribiana na hiyo katika Kitabu cha Pili cha Samweli: Nathani anampelekea mfalme Daudi kisa cha tajiri aliyenyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, mfalme anawaka kwa hasira, anasema mtu huyo astahili kufa, na nabii anamjibu, wewe ndiwe mtu huyo. Mfalme angeelezwa shauri lake moja kwa moja tangu mwanzo, wakili wake angekuwa na la kusema.

Kaka yako asidhani pia kwamba kuhadithiana ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliyaangalia mazungumzo ya Waju/'hoansi wa Kalahari, wawindaji na wakusanyaji, na mwaka 2014 akachapisha alichokikuta. Mchana watu walizungumza habari za riziki, malalamiko na kusemana. Usiku, kandokando ya moto, asilimia 81 ya mazungumzo yalikuwa masimulizi, mengi yakiwa ya watu wanaojulikana: ndoa, safari, ugomvi na jinsi ulivyokwisha. Mchana wakigawana nyama, usiku wakichunguza wale wanaogawana nao.

Mwenzako wa kazini naye amezidisha chumvi, kwa upande wa pili. Huenda amekumbuka utafiti wa David Comer Kidd na Emanuele Castano katika jarida la Science mwaka 2013. Watu waliopewa kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi walipata alama za juu kidogo kwenye jaribio la kutambua hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho yake. Vyombo vya habari vikalivumisha. Watafiti wengine walipolirudia, matokeo hayakujitokeza tena. Katika mradi mkubwa wa 2018 uliorudia tafiti 21 kutoka Science na Nature, huu ulikuwa miongoni mwa zilizogoma. Mwaka huo huo David Dodell-Feder na Diana Tamir walijumlisha tafiti 14 wakakuta kwamba kusoma hadithi kunasaidia kuelewa watu, ila kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo usitarajie kufunga kitabu ukainuka mtu mwema. Mimi nimekula chumvi nyingi na wasomi wa fasihi, na nakuhakikishia miongoni mwao wamo wabinafsi wa kutosha.

Ushahidi ninaouthamini zaidi umetoka jirani, Rwanda. Tangu 2004 redio ilirusha mchezo unaoitwa Musekeweya, habari ya jamii mbili zinazohasimiana na vijana wanaothubutu kupendana na kusema hapana. Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja: vikundi vingine vikiusikiliza mchezo huo, vingine vikisikiliza mchezo wa redio wa mambo ya afya. Utafiti ukachapishwa mwaka 2009. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichoona kuwa kinakubalika mbele za watu, na namna walivyotenda. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio ya kutumia kwa pamoja. Waliosikiliza habari za afya walielekea kumkabidhi kiongozi wao aitunze, yakaisha. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wakasemeshana, na wakaelekea kuitunza wenyewe kwa pamoja. Kisa kiliwapa ruhusa ya kufungua mdomo.

Lakini nchi hiyo hiyo, mwaka 1994, redio ilikuwa imetumika kuwachochea watu wawaue majirani zao, na hilo nalo lilifanywa kwa visa, mizaha na nyimbo. Nguvu ni ile ile. Kisa kinaweza kumlaza wakili wako ili uone, na kinaweza kumpa hoja mpya. Dalili moja ninayoitumia, kwangu na kwa wanafunzi, ni hii: jiulize katika hadithi unakaa upande wa nani kila mara. Mtu ambaye katika kila tamthilia, kila riwaya, yeye ndiye mwenye kuonewa, hajifunzi kitu kuhusu nafsi yake hata akisoma maktaba nzima. Wewe umekaa mahali pagumu zaidi, kwa yule mwenye sindano, na hilo lahitaji ujasiri.

Ila kuna kosa la upande wa pili, na nakuona umeliegemea. Kujiona ndani ya mtu wa hadithi si sawa na kuwa yeye. Mwana wa Liyongo alimwua baba yake. Wewe ulimsukuma baba yako aachie shamba, kwa faida yako, akiwa anakuamini. Ni kosa, sitalipunguza, lakini lina ukubwa wake na jina lake, na ukilibeba kama mauaji hutaliweza, utalikimbia upya. Halafu kisa kina watu wengine uliowaruka. Wako waliomtuma: simulizi moja inasema walimwua huyo mwana, nyingine kwamba alikufa kwa ugonjwa na huzuni, na zote mbili zinakubaliana kuwa binti wa mfalme hakumpata. (Wewe mtaji uliupata nusu. Watu wa namna hiyo hawajabadilika.) Kuna mama yake Liyongo, ambaye baada ya sindano anaitwa kisimani ambako Liyongo amepiga goti na upinde umevutwa, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa. Anamwimbia na kumbembeleza atulize hasira. Hajui kuwa anambembeleza maiti. Zipo familia zinazoishi hivyo miaka, zinamzunguka mtu aliyenyamaza kwa hofu ya hasira yake, na hakuna aliyesogea kutazama amepatwa na nini.

Hapo tunafika kwa baba yako. Umeandika kwamba hajapata kukuuliza. Unaweza kushawishika kusoma kimya chake kwa kisa cha Liyongo: alijua tangu siku ile ya barazani, na aliniachia kwa mapenzi. Inawezekana. Inawezekana pia amekasirika, au amesahau, au anasubiri, au anadhani wewe pia ulidanganywa na ami zako. Hadithi inaweza kukupa maswali ya kumwendea nayo mzee. Majibu yako kwake. Usimwandikie sehemu yake.

Basi ufanye nini? Kusoma zaidi, ndiyo, hakuna ubaya, na nashauri usome masimulizi yasiyomaliziwa kwa mahubiri, yale yanayokuacha ukiwa hujui umlaumu nani. Lakini kusoma peke yako usiku sitaki kukusifia sana kwa hali uliyo nayo. Mtu asiyelala akisoma peke yake huishia kuzunguka shimo lile lile. Afadhali usome na mtu. Mke wako anajua habari ya shamba? Hukusema. Kama hajui, huyo ndiye wa kwanza.

Kuna zoezi ninalowapa watu wazima, nalo lina faida kuliko linavyoonekana. Andika ile siku ya barazani kama kisa, kwa nafsi ya tatu: "yule kijana alifika saa ngapi, alikaa wapi, chai ililetwa na nani, alianza kwa maneno gani." Usiandike neno moja la kueleza kwa nini. Kisha uandike upya siku ile ile ukiwa umekaa kwenye kiti cha mzee. Mara ya pili ndiyo ngumu. Watu wengi wanakwama mahali ambapo hawajui mwenzao alikuwa akitazama nini, na hapo ndipo wanapogundua kuwa kutwa nzima hawakumtazama.

Kisha uende kwa baba. Wapwani tuna ustadi wetu wa mafumbo, na najua wapo watakaokushauri umpelekee mzee kisa cha Liyongo, akielewa ameelewa. Mimi sikushauri. Fumbo linafaa pale mdogo anapotaka kumwonya mkubwa bila kumvunjia heshima. Mwenye kukosa akitumia fumbo anajificha, na anamtwika aliyekosewa kazi ya kufumbua. Nenda siku ambayo huna haraka, mkiwa wawili, na useme kwa ufupi: baba, lile shamba nilikushawishi kwa kuwa niliahidiwa pesa, nikapewa kiasi fulani, sikukwambia. Itaje pesa kwa kiasi chake. Usianze na majina ya ami, wala usimwombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha aseme "yamekwisha" pale pale ili wewe ulale. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, ana haki. Na usimwahidi kwamba shamba litarudi: mnunuzi naye ana haki zake, na kama unahisi mauzo yale hayakufuata taratibu, muone wakili kabla hujampa mzee tumaini lolote. Ukihofia kwamba mtaishia kupigana, tafuta mtu mmoja ambaye baba anamheshimu na ambaye hakuonja pesa ile, akae nanyi.

Huenda pia baada ya kupima hali yake, afya yake na umri wake, ukaona kumweleza kutamwumiza yeye na kukupumzisha wewe tu. Hilo nalo ni swali la haki, na siwezi kukuamulia nikiwa huku mbali. Ila liamue mchana, na baada ya kuzungumza na mwingine, si saa tisa za usiku ukiwa na yule wakili wako wa ndani.

Binti yako mmalizie. Watoto wa miaka tisa wanayaweza mambo mazito kuliko tunavyodhani. Wasichokiweza ni kisa kilichokatwa katikati na baba aliyebadilika uso. Sasa hivi yeye anajua kuna kitu baada ya sindano kinachomtisha baba yake, na anakitunga mwenyewe. Msimulie mpaka kisimani, mpaka mama, mpaka yule mwana anaponyimwa alichoahidiwa. Akikuuliza kwa nini alimfanyia hivyo baba yake, usikimbilie kumpa somo. Mrudishie swali, umsikilize. Na huna haja ya kumweleza habari za Kilifi. Hizo ni za wakubwa, hata ukilia mbele yake inatosha kumwambia kisa hiki kinanihuzunisha.

Mwisho, lile nililokuahidi. Kukosa usingizi siku chache baada ya jambo kama hili si ugonjwa. Lakini ikiwa imeshapita wiki mbili na bado hulali, huli, kazini hesabu za bohari zinakupotea, unaanza kutafuta kinywaji au miraa ili upitishe usiku, au moyo unakwenda mbio bila sababu, hapo hadithi na barua haziwezi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Na kama imekupitia hata mara moja fikra ya kujidhuru au kuona kwamba wenzako wangekuwa bora bila wewe, usingoje wiki mbili: mwambie mkeo au mtu yeyote uliye naye leo, akusindikize. Ukifika kwa daktari huna haja ya kuanza na Liyongo wala shamba. Anza na usingizi: tangu lini, unaamka saa ngapi, na ukiamka unafanya nini. Mengine atakuuliza mwenyewe.